Ip Man 2: wote wanabishana kuhusu Donnie Yen, mi nasema mwenye muvi ni Mzee Hung

Tangu hii muvi itoke mwaka 2010 ubishi ni uleule haujaisha. Kuna wanaosema Ip Man ya pili ni ya kwanza imerudiwa, kamtoa Mjapani kamweka Mzungu, stelingi anaonewa wee halafu mwisho anashusha ngumi za mfululizo watu wanapiga kelele, kwisha. Na kuna wale ukiwagusa hii ya pili mnagombana kabisa, wanakwambia lile pambano la juu ya meza nitajie muvi nyingine yoyote ya kung fu yenye kitu kama kile. Nimesikiliza pande zote mbili miaka yote hii na nimeirudia hii muvi mara nyingi tu, na kinachonisumbua ni kwamba wote wanamwangalia Ip Man peke yake, yule stelingi anayechezwa na Donnie Yen, wakati aliyebeba hii pati ya pili kwa mabega yake ni yule mzee mnene mwenye pumu, Sifu (yaani mwalimu wa kung fu) Hung, aliyechezwa na Sammo Hung.

Naongea mpaka mwisho wa muvi, kwahiyo kama hujaiona kaione kwanza ndo urudi.

Kwa wasioikumbuka, ya kwanza ilitoka 2008, dairekta Wilson Yip, stelingi Donnie Yen, mambo yanatokea mji wa Foshan kusini mwa China. Ip Man ana nyumba kubwa, mke mzuri, hana shida ya hela, hana hata haja ya kufungua shule ya kung fu, kisha Wajapani wanavamia nchi anapoteza kila kitu. Ndani yake kuna ile sehemu anasema anataka kupigana na watu kumi kwa mpigo, hata asiyejua chochote kuhusu Wing Chun, mtindo wa kung fu wa Ip Man, anaijua hiyo sehemu kwa sababu klipu yake imezunguka kila simu. Sasa ukishawapa watu kitu kama kile, ya pili itafanyaje? Hapo ndo wanaosema ya kwanza ni kali zaidi wana hoja, tena nzito, kwa sababu ya kwanza ina hasira ya kweli, kuna vita, kuna njaa, rafiki yake anauawa mbele ya macho yetu, ukifika kwenye wale kumi na wewe mwenyewe unataka wavunjwe. Ya pili haina vita. Inaanza na mtu amehamia Hong Kong mwaka 1950, mke ana mimba, ada ya shule ya mtoto haijalipwa, mama mwenye nyumba anadai kodi, na yeye amepewa nafasi juu kabisa ya ghorofa afundishe kung fu na hakuna hata mwanafunzi mmoja.

Wengi wanasema mwanzo huu unachelewesha. Mi naupenda sana. Mtu aliyemshinda jenerali sasa anaona haya kuwadai wanafunzi ada, hiyo si ndo maisha? Anabandika matangazo ukutani, anasubiri, anasubiri, anakuja kijana mmoja mwenye mdomo mrefu anaitwa Wong Leung, huyo kachezwa na Huang Xiaoming, anataka kumjaribu. Anapigwa lakini anapigwa kwa upole, Ip Man anamzuia mkono, anamgusa, anamwachia, mpaka kijana mwenyewe anapagawa. Anaondoka anarudi na wenzake, nao wanashughulikiwa, wote wanapiga magoti wanakuwa wanafunzi. Watu wanacheka pale na ni sahihi kucheka, ila angalia uso wa Donnie Yen wanapoulizia ada, yule baba ana aibu ya mtu aliyezaliwa kwenye hela asiyejua kuomba.

Kuna na kipande kingine ambacho sijawahi kusikia mtu anakitaja kwenye ubishi, Ip Man anakutana na rafiki yake wa Foshan, yule mfanyabiashara wa kiwanda cha pamba wa ile ya kwanza, kachezwa na Simon Yam. Alipigwa risasi ya kichwa na Wajapani akapona ila akili ikaondoka, sasa anaomba omba barabarani na mwanae mdogo ndo anamwongoza. Hamtambui Ip Man. Kipande kifupi sana, na vita yote ya ile ya kwanza inarudi hapo bila bomu hata moja.

Haya twende kwa Mzee Hung. Wanafunzi wa Ip Man wanagombana na wanafunzi wake, Wong Leung anakamatwa anafungiwa kwenye soko la samaki, Ip Man anaenda kumfuata, linatokea vurugu la mapanga ambalo nalo ni moto wa kuotea mbali, mwalimu mmoja amezungukwa na watu na mapanga na yeye ana lile pande la mbao za kuwekea mizigo anakinga nalo. Halafu anatokea yule jambazi wa kaskazini aliyekuwa adui kwenye ile ya kwanza, sasa hivi ni mtu mwema anasaidia, na kila nilipoiona na watu wengi hapo lazima washangilie. Baada ya fujo ndo Hung anajitokeza anamwambia Ip Man bwana hapa Hong Kong huwezi kufungua shule hivihivi, kuna utaratibu, unaweka meza, mabingwa wote wanaotaka wanakuja kukujaribu, kijiti cha udi kikiisha kuungua na wewe bado umesimama basi wewe ni mwalimu.

Kuhusu hiyo meza naomba niongee taratibu maana ndo kitu ambacho watu wanakisifia bila kusema kwanini ni kizuri. Ni meza ya duara, kuzunguka chini yake wamepindua viti miguu iko juu, ukianguka umeumia na umeshindwa. Sasa Wing Chun ni mchezo wa karibu, mikono miwili inalinda mstari wa katikati ya mwili, hatua fupi fupi, mtu anaweza kupigana ndani ya lifti. Meza ni ndogo kwahiyo kwa Ip Man ni kama yuko nyumbani. Wale mabingwa wawili wa mwanzo wanaingia na mitindo yao ya kuruka na kuzunguka, nafasi haipo, wanaishia chini. Halafu anapanda Hung. Hung ni mtu wa Hung Ga, mtindo wa kusimama chini miguu imepanuka kama mizizi na mikono mizito, kwahiyo huyu naye hahitaji nafasi. Fahali wawili zizi moja na zizi lenyewe ni meza! Angalia miguu sio mikono, rudia hicho kipande uangalie miguu tu, utaona meza inainama upande mmoja mzee anaikandamiza makusudi, mwingine anapanda juu upande wa pili, wanacheza na uzito wa mwili, mpaka meza yenyewe inapasuka. Na hakuna aliyeanguka. Sare. Udi umeisha.

Aliyepanga hayo mapigano ni Sammo Hung mwenyewe, ndiye aliyepanga na ya kwanza, na kwa hii ya pili akapewa tuzo ya upangaji bora wa mapigano kwenye Hong Kong Film Awards ya 2011. Mzee alizaliwa 1952, kwahiyo hapo unamwona mtu anayekaribia miaka 60 akiwa juu ya meza na mwenzie aliye mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 10. Na kipindi hichohicho cha kushuti alifanyiwa upasuaji wa moyo akarudi kazini. Watu walisaidiwa na waya za kuwanyanyua pale, ndiyo, inaonekana, kuna wanaolalamika kuhusu waya. Kwangu sio tatizo, kung fu ya sinema ya Hong Kong ina waya tangu zamani, swali ni kama uzito unausikia, na mkono wa Hung ukitua unausikia.

Baada ya meza ndo Hung anamwambia hongera lakini kila mwezi utalipa mchango wa chama cha walimu wa kung fu. Ip Man anagoma, anaona ni hela ya ulinzi. Na hapa watazamaji wengi wanamweka Hung kwenye kundi la maadui, wanasubiri apigwe. Lakini muvi inatuonyesha hiyo hela inaenda wapi, inaenda kwa afisa wa polisi wa Kiingereza, Wallace, anayekula kwa wote na kesho anataka zaidi, na Hung yuko katikati, akiwakatalia Wazungu shule zote zinafungwa, akiwakubalia anaonekana mwizi kwa watu wake. Ana watoto kibao nyumbani. Ana pumu. Watu wa kwetu tunamjua huyu mtu vizuri sana, yule anayekusanya hela za wenzie apeleke juu ili biashara ya mtaa iendelee, kila mtu anamtukana na hakuna anayetaka kukaa kwenye kiti chake.

Halafu inakuja sehemu ambayo kwangu ndo bora kupita hata meza. Ip Man amefukuzwa pale juu, ana hasira, anaenda nyumbani kwa Hung. Wanatupiana maneno, Hung anasema tumalize sasa hivi nani zaidi, wanaanza kupigana sebuleni. Wanapigana kweli, ghafla mtoto mdogo wa Hung anafungua mlango anaingia mbio, na mguu wa Hung uko hewani tayari. Ip Man anaukatisha. Unasimama pale pale jirani na mtoto. Kimya. Na Ip Man anamuuliza yule mzee kwa sauti ya chini kabisa, kipi muhimu, kunishinda mimi au kula chakula na familia yako? Sura ya Sammo Hung pale haina neno hata moja na imesema yote, ukali unamtoka usoni taratibu inabaki sura ya baba. Kesho yake anamtafuta Ip Man anampa tiketi ya kwenda kuangalia ngumi za Wazungu. Tiketi tu, hajasema samahani, na wote wawili wameelewana.

Hii sehemu kama umeiona kwenye CD iliyotafsiriwa kibanda umiza kuna uwezekano mkubwa hujaiona. Nawaheshimu sana watafsiri wetu, bila wao wengi wetu tusingezijua hizi muvi kabisa, mzuka wanaoutia kwenye soko la samaki hakuna maandishi ya chini yanayoweza kuutia. Ila toleo nililoanza kuliona mimi, mtafsiri pale kwa mtoto alijaza maneno mwanzo mwisho, kamfanya Hung anatukana kamfanya Ip Man anajibu, ule ukimya wote ukafutika, na nadhani ndo maana watu wengi waliokua na toleo kama hilo wanamkumbuka Hung kama adui aliyekuja kufa tu ili stelingi apate hasira. Itafute ya Kikantoni yenye maandishi uirudie hiyo sehemu.

Sasa ulingoni. Bondia wa Kiingereza anaitwa Twister, kachezwa na Darren Shahlavi, Muingereza aliyefariki mwaka 2015 akiwa na miaka 42 tu. Wanafunzi wa kung fu wanaonyesha mitindo yao ulingoni kabla ya ngumi, Twister anapanda anawadhihaki na kuwapiga, zogo linazuka, Hung anapanda. Raundi ya kwanza mzee anamfundisha adabu, mikono ile mizito inaingia, ukumbi unalipuka. Halafu pumu inambana. Unaiona kabla yeye hajakubali kwamba imembana, kifua kinapanda haraka, mdomo umefunguka, mkono unachelewa kidogo. Ip Man anataka kutupa taulo, Hung anakataa. Alishavumilia yote kwa ajili ya kula, ila kudharau kung fu ya Wachina hilo haliwezi. Na anapigwa mpaka anakufa akiwa amesimama karibu wakati wote. Mi hapo kila nikiangalia natamani alitupe tu lile taulo. Kuna watu wanasema alikufa kijinga, mwenye watoto wengi vile, angekubali kushindwa aende nyumbani, si ndo aliulizwa mwenyewe juzi kuhusu chakula na familia? Hiyo hoja nimeisikia kutoka kwa mama mmoja mtu mzima na sina jibu la kumshinda. Kwangu ndo uzito wa muvi ulipo, mzee alishaelewa jibu sahihi kule sebuleni na bado akachagua lingine, kwa sababu miaka yote alikuwa anainamisha kichwa kwa Wallace na siku hiyo shingo ilikataa.

Baada ya Hung kufa muvi inashuka. Niseme wazi maana hapa wanaoikosoa nawaunga mkono. Wazungu wa hii muvi wameandikwa vibaya, Twister anakoroma na kutukana muda wote, Wallace anafoka macho yamemtoka, hakuna Muingereza mwenye akili ya kawaida mpaka dakika za mwisho kabisa. Sio kwamba ukoloni wa Hong Kong ulikuwa mzuri, hapana, ila dhuluma ya mtu anayetabasamu na kukupa chai inauma kuliko ya anayefoka, na Wajapani wa ile ya kwanza angalau jenerali wao alikuwa mtu anayeiheshimu kung fu, ulimwogopa kwa sababu ulimwelewa. Twister humwelewi, unataka tu apigwe.

Pambano lenyewe la mwisho linaanza vizuri halafu katikati wanabadilisha sheria, marufuku kupiga mateke, ukumbi mzima unazomea na wewe nyumbani unazomea. Kinachofuata mabondia wa kweli watakielewa kuliko sisi wengine, Ip Man anaacha kushindana na kichwa cha mtu mrefu kumzidi, anaanza kuishambulia mikono ya Twister yenyewe, anaipiga ile misuli mpaka jamaa ngumi hazina nguvu tena, ndo anaingia ndani. Hiyo ni akili. Halafu ngumi za mfululizo usoni kama ile ya kwanza na picha ya Hung inamjia, na ngumi ya mwisho anaizuia. Watu wengine wanataka ingetua. Mi naona kuizuia ni sawa, ni jambo lilelile la mguu kusimama jirani na mtoto, mtu huyu anajua mahali pa kuishia, Twister ndo hakujua alipokuwa anamuua mzee.

Hotuba ya mwisho ndo inagawa watu kabisa. Anasema hakuja kuonyesha kwamba kung fu ni bora kuliko ngumi za Wazungu, watu wanatofautiana hali lakini heshima ya mtu haitofautiani, basi tuanze kuheshimiana. Ukumbi kimya, kisha Wazungu wanasimama wanapiga makofi. Maneno mazuri, nayapenda, lakini yale makofi yamekuja kirahisi sana, dakika tano zilizopita haohao walikuwa wanamshangilia muuaji. Ningeipenda zaidi kama nusu wangebaki wamekaa.

Kwa wanaoulizaga kama ni kweli ilitokea: Ip Man ni mtu wa kweli, alizaliwa 1893 akafariki 1972, na kweli alianza kufundisha Hong Kong mwaka 1950 akiwa na hali ngumu. Twister na lile pambano ni la kutungwa, na Mzee Hung pia. Mke wa kweli wa Ip Man alibaki Foshan, mpaka wa China na Hong Kong ukafungwa, hawakuonana tena mpaka mama alipofariki. Ukijua hilo zile sehemu za mke mjamzito anayevumilia, Lynn Hung anazicheza kwa utulivu mkubwa, zinakuwa na uchungu mwingine kabisa, sinema imempa Ip Man kitu ambacho maisha yalimnyima. Na yule mtoto mwenye maringo anayeletwa mwishoni kabisa ndo Bruce Lee, alizaliwa 1940, kwahiyo umri wa mtoto wa kwenye muvi uko sawa, ila yeye mwenyewe alienda kwa Ip Man akiwa kijana miaka ya 50 katikati. Watu wakiona jina lile wanashangilia kama goli.

Muziki ni wa Kenji Kawai kama ile ya kwanza, ngoma zile zikianza kabla ya pambano mwili unasisimka wenyewe.

Kwahiyo ya kwanza na ya pili ipi? Ukitaka muvi nzima isiyoyumba kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ni ya kwanza, sina ubishi. Ukiniuliza ipi ina mtu ninayemfikiria baada ya kuzima TV, ni hii ya pili na mtu huyo sio stelingi. Ya tatu ya 2015 ina Mike Tyson na watu wameiendea kwa ajili hiyo, ya nne ya 2019 inamalizia hadithi, zote nimeziangalia na nimefurahi, ila hakuna hata moja iliyompa Ip Man mtu wa kusimama mbele yake kama Hung alivyosimama, adui asubuhi, mwenzake jioni. Kama unaanza leo anza na ya kwanza usiruke, la sivyo yule jambazi wa kaskazini akitokea sokoni hutaelewa kwanini watu wanashangilia, na yule ombaomba utampita kama watu wengine wote wa barabarani walivyompita. Kwa watoto wadogo kile kifo cha ulingoni ni kizito, damu ipo na kinachukua muda, mi wa kwangu nilisubiri wakue kidogo.